Hakisikii, Hakielewi, au Taa Haitii?

"Haifanyi kazi." Ndivyo wengi wetu husema taa ya sebuleni inapoamriwa iwake nayo ikabaki imezimika. Kauli hiyo haimpi fundi pa kuanzia, ilhali Kiswahili kimejaa vitenzi vya kumwelekeza.

Tuanze na jina la chombo kinachopokea amri hiyo. Amazon walitoa Echo mwaka 2014, Google wakatoa Home mwaka 2016, na sisi tukaviita "visaidizi vya sauti", au "wasaidizi" kabisa, kana kwamba ni watu. Tena haijulikani anayesaidiwa ni nani: mwenye nyumba au sauti? Mfano mzuri tunao siku nyingi. Kipaza sauti huipaza sauti, kinasa sauti huinasa. Chombo kinachoitwa kikaitika, basi na kiwe kiitikasauti.

Napenda kuitika kuliko kujibu. Mtoto akiitwa husema "naam" au "abee" kabla hajajua anatumwa wapi. Echo nayo hufanya hivyo hivyo: ukiiita, duara lake huwaka buluu kwanza, ndipo ingoje agizo. Kuitika ni kukiri kwamba umesikia. Jibu huja baadaye.

"Neno la kuamsha" nalo lina walakini. Chombo hakikulala, maikrofoni yake iko macho muda wote isipozimwa, ikivizia "Alexa" au "Hey Google". Neno hilo ni wito. Wito na kuitika vimezaliwa na kitenzi kimoja, kuita, na ni hasara kuvitenganisha.

Sasa turudi kwenye taa iliyogoma. Umetoa wito na chombo kimekaa kimya? Sema hakisikii: maikrofoni imezimwa, na kwenye Echo duara jekundu litakuonyesha, au runinga inakishinda kwa kelele. Kimeitika, kisha kikawasha feni? Hakielewi: pengine vifaa viwili vimepewa majina yanayokaribiana, au chombo kimewekwa kisikilize Kiingereza nawe taa umeibatiza "Kibarazani". Kimeitika, kikaelewa, na bado ni giza? Hapo taa ndiyo isiyotii. Achana na chombo, uiendee taa: swichi ya ukutani imezimwa, nywila ya Wi-Fi imebadilishwa, au ruta inatangaza masafa ya gigahezi 5 peke yake wakati taa, kama nyingi za aina yake, hushika 2.4 tu. Atakayepiga simu kwa fundi na kusema "kinaitika ila taa haitii" amemwondolea nusu ya safari.

Kazi hiyo ya kutafuta tumezoea kuiita "utatuzi wa matatizo". Tunatazama mno mwisho wake. Kutatua huenda kukawa kubonyeza swichi mara moja. Jasho liko katika kutafuta. Napendekeza kusaka hitilafu.

Nasema hitilafu, si kasoro. Kasoro ni upungufu, kama tunavyosema saa mbili kasoro robo. Balbu iliyoungua ina kasoro. Hitilafu asili yake ni kutofautiana, na mara nyingi ndiyo iliyopo hapa: kila kifaa ni kizima, ila havipatani.

"Janja" silitaki. Simu janja imekwisha kuenea na siwezi kuirudisha, lakini mjanja wa hadithi zetu ni sungura, naye hutumia akili yake kuwalaghai wenzake. Taa ya kuamriwa kwa sauti iitwe taa sikivu. Msikivu husikia na kutii, na taa isiyotii imepoteza usikivu wake.

Kuoanisha, yaani kuunganisha kifaa kimoja na kingine, nakuunga mkono bila shaka: oa, oana, oanisha.

Limebaki "kuweka upya", nalo lina hatari, kwa sababu linakaa jirani mno na "kuwasha upya". Kuwasha upya ni kuzima na kuwasha, na kila kitu kinabaki kama kilivyokuwa. Kuweka upya hufuta mtandao, jina la taa na ratiba zote ulizopanga. Wapo wanaoambiwa hili wakafanya lile. Kuweka upya tukuite kusahaulisha. Fundi akisema "tuisahaulishe kwanza", mwenye nyumba atauliza itasahau nini, na atauliza kabla kidole hakijagusa kitufe.