Unga wa Mwaloni na Kilimo Kilichonyimwa Jina

Wageni waliomiminika California baada ya dhahabu kugunduliwa mwaka 1848 waliwakuta wenyeji wakila unga wa kokwa za mwaloni, wakaamua kwamba hao ni waokotaji tu, wasiojua kulima. Dharau hiyo ilileta maafa, kwa maana ardhi inayodaiwa kutolimwa hunyang'anywa kwa urahisi. Mawe yenyewe yanaikanusha. Huko Chaw'se, katika nchi ya Wamiwok, mojawapo ya jamii za wenyeji hao, upo mwamba mmoja wenye mashimo 1,185 ya vinu, yaliyochimbika kwa mitwangio ya kizazi baada ya kizazi. Mtu anayeishi kwa kubahatisha haachi alama ya namna hiyo. Tena kokwa mbichi hailiki, imejaa tanini chungu. Iliwekwa ghalani ikauke, ikabanguliwa, ikatwangwa, kisha unga wake ukatandazwa juu ya mchanga na kumiminiwa maji tena na tena hadi uchungu ukaisha. Anayejua jinsi muhogo mchungu unavyolowekwa hahitaji kuelezwa zaidi. Uji ulipikwa ndani ya vikapu vilivyosukwa vikabana hata visivuje, kwa kutumbukiza mawe ya moto na kuyakoroga bila kupumzika yasije yakaunguza kikapu.

Atakayesema kwamba kusindika si kulima ana hoja, lakini ameusahau moto. Wenyeji walichoma nyasi chini ya mialoni kwa majira maalumu: wadudu waliojificha ndani ya kokwa zilizoanguka wakafa, vichaka vinavyogombania maji vikapungua, na uokotaji ukawa mwepesi. Kutunza mti kwa miaka mingi ili uzae vizuri ni kilimo, hata pasipo jembe wala mistari. Mwingine atasema kazi hiyo ilikuwa nzito na iliwaelemea wanawake. Ni kweli, wala haifai kupambwa. Ila waliibeba kwa kujua faida yake: kokwa zina wanga na mafuta mengi, na zikikauka vizuri huweza kukaa ghalani zaidi ya mwaka, hivyo mavuno mema yaliufidia msimu mbaya.

Mwaka 1850 California ilipitisha sheria iliyojiita ya kuwatawala na kuwalinda wenyeji. Ndani yake mlikuwa na kifungu cha kumwadhibu yeyote atakayewasha moto mbugani. Mialoni ikaondolewa walezi wake, vichaka vikasongamana, na kuni za kulisha mioto mikubwa zikalimbikizana. Mwaka 2021 jimbo hilohilo lilitunga sheria ya kuwapunguzia mzigo wa fidia wanaochoma kwa uangalifu, na humo likawataja wazi wenyeji wanaochoma kwa mila zao.