Darasa la Wauguzi Lisilofungwa

Tarehe 15 Machi 2020 Kenya iliamuru shule na vyuo vifungwe. Nadharia ya uuguzi ikahamia kwenye simu, penye intaneti. Burundi ilithibitisha wagonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 31 Machi, ila madarasa hayakufungwa. Mwanafunzi wa uuguzi wa Bujumbura aliendelea kuketi bega kwa bega na wenzake.

Je, alipata nafuu? Nusu tu, naona. Kuutafuta mshipa wa damu hufunzwa na vidole, si na kioo cha simu. Lakini vidole hivyo hivyo hubeba maradhi. Ilikuwa tarehe 30 Juni Rais Évariste Ndayishimiye alipoitangaza korona kuwa adui mkubwa wa Burundi, na bei ya sabuni ikapunguzwa.