Ukingo wa Kosa

Kila msimu wa uchaguzi nchini Kenya, habari za kura za maoni huishia na maneno "kiwango cha makosa ni asilimia" fulani. Msomaji akidhani watafiti walikosea hesabu kwa kiasi hicho, lawama si yake. Neno "makosa" ndilo lililompeleka huko. Kosa linalosemwa hapa halina mkosaji. Ni kukosa kwa maana ya kukosa shabaha: jiwe limepita kando ya embe. Ndiyo maana napendelea "ukingo wa kosa", kwa kuwa kinachotajwa ni umbali, juu au chini, ambao makadirio yanaweza kuwa nao kutoka kwenye ukweli.

Tuchukue viazi. Kanuni za Kenya za mwaka 2019 zinataka gunia la viazi lisizidi kilo 50, lakini lumbesa, gunia linalojazwa kupita mdomo wake kisha likafungwa kwa kamba, imekuwa kilio cha wakulima miaka mingi: mtu analipwa gunia moja ilhali ametoa zaidi. Tuseme chama cha ushirika kinataka kujua magunia yanayotoka wilayani yana wastani wa kilo ngapi. Huo ndio wastani wa kundi zima. Kuyapima yote haiwezekani, malori hayangoji. Basi wanachagua 64 kwa bahati nasibu, wanapima, wanapata wastani wa kilo 58. Mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi magunia yanavyotofautiana yenyewe kwa yenyewe, ni kilo 6.

Gawanya 6 kwa kipeuo cha pili cha 64, ambacho ni 8, unapata 0.75. Zidisha kwa 1.96, namba inayoendana na kiwango cha uhakika cha asilimia 95. Ukingo ni kilo 1.47. Wastani wa wilaya nzima basi unakadiriwa kuwa kati ya kilo 56.5 na 59.5, na hata ile ncha ya chini imeipita 50 kwa mbali. Mkulima anapunjwa, na sasa ana hoja ya kuipeleka mezani.

Ile asilimia 95 ni sifa ya njia, si ya jibu hili moja. Zoezi likirudiwa mara nyingi, takribani mara 95 katika kila 100 ncha mbili zitakazopatikana zitauweka wastani wa kweli katikati yake. Na anayetaka kuupunguza ukingo kwa nusu asidhani magunia 128 yatatosha. Yanahitajika 256, kwa sababu ya kile kipeuo.

Wangepima magunia manne tu, je? William Sealy Gosset, mtaalamu wa kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, alihangaika na sampuli ndogo za namna hiyo, na mwaka 1908 akachapisha ufumbuzi kwa jina la "Student". Kwa njia yake, magunia manne yanadai 3.182 badala ya 1.96. Kwa wastani na mchepuko ule ule, ukingo unafika kilo 9.5, ncha ya chini inashuka hadi 48.5, na dai la mkulima, hata liwe la haki, linakosa ushahidi.

Lakini mizani ikaguliwe kwanza. Ikiwa inazidisha kilo 3, kila gunia litasomeka kilo 3 zaidi ya uzito wake, na ukingo utabaki ule ule 1.47.