Nyumba za Tofali za Kisangani, na Zile Zilizozitangulia

Ukiulizia nyumba ya zamani Kisangani, utaonyeshwa ya tofali, ya enzi ya Wabelgiji. Walowezi wa kwanza, hata hivyo, hawakujenga kwa tofali.

Desemba 1883 mpelelezi Henry Morton Stanley aliacha hapo kituo kidogo katika kisiwa cha Wana Rusari, karibu na maporomoko ya Wagenya. Agosti 1886 wapiganaji wa Waarabu walikizingira, na Deane, mkuu wake, akatorokea msituni. Mwaka uliofuata Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alimfanya Tippu Tip, mfanyabiashara mkuu wa Waarabu hao, liwali wa palepale.

Watu wa Tippu Tip walijenga kwa miti na udongo, na udongo huo haukuwa umaskini. Kasongo, mji mwingine wa Waarabu hao, ulipotekwa na jeshi la Dhanis, ofisa wa Leopold, Aprili 1893, daktari Sidney Hinde alistaajabia magodoro ya hariri, vitanda vya kuchongwa, michungwa na mikomamanga. Kilichoziponza nyumba hizo ni mvua. Kisangani, jirani ya ikweta, haina mwezi mkavu kabisa. Ukuta wa udongo hutaka kukandikwa tena na tena. Mwenyewe akihama, miaka michache tu na miti inaota sebuleni.

Krismasi ya 1897 Padri Gabriel Grison alifungua misheni ya Mtakatifu Gabrieli huko Kisangani. Enzi hizo wamisionari na maofisa wa Leopold kote Kongo walikuwa wakigeukia matofali ya kuchoma. Udongo, mara nyingi wa kichuguu, ulilowekwa, ukakanyagwa kwa miguu, ukashindiliwa ndani ya kalibu ya mbao. Tofali bichi lilianikwa bandani, maana mvua moja ingelirudisha kuwa tope. Kisha tanuru likapangwa, likaachiwa matundu chini ya kutilia kuni, moto ukawaka usiku na mchana. Waliokanyaga, kubeba na kukata kuni walikuwa Wakongo, wengi wao kwa amri. Sifa alipewa mwenye nyumba.

Nyumba yenyewe, nakiri, ilifikiriwa vizuri. Msingi uliinuliwa kukwepa unyevu na mchwa, dari ikawekwa juu, madirisha yakaelekeana ili upepo upite, baraza likazunguka ukuta chini ya paa lililotokeza mbele. Jiko lilikaa peke yake nyuma, pamoja na vyumba vya watumishi. Wenyeji walikuwa wakipumzika barazani tangu zamani.

Reli ya kutoka Kisangani hadi Ponthierville, kilomita 125, ilikamilika 1906, na mji ukakua. Baadaye saruji ilichukua nafasi ya tofali. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana humo siku sita, na mabomu hayakuchagua ukuta wa tofali wala wa udongo.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani, chukueni futikamba mkazipime nyumba zilizobaki kabla hazijabomolewa kupisha maduka. Mkimaliza, nendeni mitaa ya Waungwana, jamii iliyotokana na watu wa Tippu Tip, muwaulize wazee nyumba za udongo zilisimama wapi.