Samaki Aliyejikunja Mwenyewe

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Leo nawazungumzia samaki waliojikunja wenyewe wangali hai, kabla ya kufika kwa mchuuzi.

Juzi bwana mmoja anayefuga sato katika vizimba ziwani alinijia na ndoo. Ndani mlikuwa na samaki watatu wenye nundu mgongoni na taya lililokwenda upande. "Mzee, wenzangu wanasema nimerogwa," aliniambia. Nikamwuliza anawalisha nini. Pumba, mashudu na soya, alijibu. Dagaa ameacha kwa kuwa bei imepanda. Nikamwambia akae kitako nimsimulie ya Norway.

Mwaka 1970 ndugu wawili, Ove na Sivert Grøntvedt, waliweka salmoni wachanga katika kizimba baharini huko Hitra. Kazi hiyo ikakua ikawa utajiri wa taifa. Chakula cha salmoni kilikuwa hasa unga wa samaki wadogo waliosagwa pamoja na miiba yao, kwa hiyo madini ya mifupa yalikuwamo tele wala hapakuwa na haja ya kuyahesabu.

Mfupa unahitaji kalsiamu na fosforasi. Kalsiamu samaki huipata majini kwa kupitia matamvua. Fosforasi ni haba majini, hivyo lazima aipate katika chakula. Akiikosa, mwili huendelea kukua lakini mfupa hubaki laini. Mbavu hupinda, na pingili za mgongo huweza kubonyea.

Basi yakatokea mambo mawili, yote kwa nia njema. La kwanza ni usafi wa maji. Fosforasi ya kinyesi na mabaki ya chakula huotesha mwani na kuchafua mito, kwa hiyo mwaka 1989 Denmark iliweka kanuni za kuibana katika chakula cha samaki wa mabwawani. La pili ni bei. Unga wa samaki ulipokuwa ghali na haba, viwanda viligeukia mimea. Mwaka 1990 karibu asilimia 90 ya chakula cha salmoni wa Norway ilitoka baharini. Mwaka 2013 ilikuwa karibu asilimia 30 tu.

Hapo ndipo penye mtego. Kama theluthi mbili ya fosforasi iliyomo katika mbegu imefungwa ndani ya kitu kiitwacho fitati, na samaki hana kimeng'enya cha kuifungua. Maabara inapima na kusema fosforasi ipo. Mfupa unaitafuta hauioni.

Hata kipimo chenyewe kilikuwa na kasoro. Tangu miaka ya 1970 wataalamu walitegemea kiasi cha gramu 6 hivi katika kilo moja ya chakula. Mwaka 1997 Åsgård na Shearer walichapisha utafiti wao: salmoni wachanga, ambao ndio wanaokua mbio, wanahitaji gramu 10 hadi 11. Kumbe aliyefuata kitabu kwa uaminifu aliweza kuwapunja samaki wake bila kujua.

Sisemi kwamba kila kibiongo ni fosforasi. Joto lililozidi wakati wa kuatamia mayai hupindisha pia, na chanjo na ukuaji wa haraka vimetajwa. Lakini la chakula liko mikononi mwetu. Chumvi za fosfeti huongezwa, na vimeng'enya vya kufungua fitati vinauzwa. Watafiti wameonyesha pia kwamba mfupa uliobaki laini huweza kukomaa tena madini yakirudishwa mapema.

Samaki wa bwawa lenye maji ya kijani hujisaidia kwa vijidudu na mwani. Wa kizimbani hula zaidi kile anachomwagiwa. Kwa hiyo muuza chakula anayeandika kwenye gunia kiasi cha protini na kunyamaza kuhusu fosforasi inayotumika mwilini anamwachia mfugaji hasara, maana samaki mwenye nundu hapati mnunuzi.

Yule bwana nilimshauri aende kwa ofisa uvuvi na gunia lake, asiende kwa mganga na ndoo yake, tena awarudishie dagaa kwanza wale wadogo. Mfupa nao hutengenezwa ungali mbichi.