Kutoka na Kuingia: Vitenzi vya Kiswahili katika Somo la Kemia, Kibaha na Minaki

Mjadala wa Kiswahili kama lugha ya kufundishia sayansi umejikita mno katika istilahi, yaani nomino. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba vitenzi navyo vinastahili kuangaliwa.

Tutazame shule mbili za Mkoa wa Pwani. Minaki, iliyopo Kisarawe, ni mrithi wa Chuo cha Mtakatifu Andrea cha Kiungani, Unguja, kilichohamishiwa bara katika miaka ya 1920. Kiungani ilikuwa shule ya misheni ya UMCA, ambayo ilichapisha vitabu vingi kwa Kiunguja, lahaja iliyoteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Shule ya Sekondari Kibaha ni tunda la mradi uliotokana na mkataba wa mwanzoni mwa miaka ya 1960 baina ya Tanganyika na nchi za Nordiki, mradi uliokabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970. Asili zao ni mbalimbali. Hata hivyo, kemia hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza kote kuwili.

Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makwetta, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika sekondari mwaka 1985. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Mwaka 1990 TUKI ikatoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Nomino zikawepo, lakini lugha ya darasani haikubadilika.

Je, mwanafunzi hupoteza nini? Chukua mmenyuko ambao ioni ya haidroksidi, yenye elektroni za kutoa, huifuata atomu ya kaboni na kuchukua nafasi ya bromini. Edward Hughes na Christopher Ingold, waliofanya kazi London katika miaka ya 1930, waliainisha njia mbili: SN1 na SN2. Tarakimu hizo huhesabu chembe zinazoshiriki katika hatua inayoamua kasi, wala si idadi ya hatua. Kwa hiyo SN2 ina hatua moja, na SN1 ina zaidi ya moja. Anayekariri alama bila kuielewa lugha iliyoizaa hukisia kinyume chake.

Kiswahili kina nyenzo za kuondoa utata huo. Katika bromomethani, haidroksidi huingia bromini *ikitoka*: kiambishi *-ki-* kinabeba usawia wa matendo. Katika kampaundi ambayo kaboni yake imezungukwa na vikundi vitatu vya methili, bromini hutoka kwanza, *ndipo* mgeni huingia. Sarufi yenyewe imekwisha kutofautisha njia hizo mbili.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilizitaja lugha zote mbili, ilhali mtihani wa kemia wa kidato cha sita umebaki kwa Kiingereza. Wanaleksikografia wamefanya sehemu yao. Hatuna budi sasa kuandika maelezo kamili ya michakato kwa Kiswahili, ili mwanafunzi aelewe kwanza, kisha ajibu kwa lugha anayotahiniwa.