Safari ya Siku Moja Nchini Vietnam: Vita, Sala na Kazi ya Mikono



Wapendwa waamini, mwezi Novemba Mama Kanisa hutuita tuwaombee marehemu wote, na tarehe 24 ya mwezi huo huo humkumbuka Mtakatifu Andrea Dung-Lac na wenzake, mashahidi wa Vietnam. Ni mashahidi 117, waliotangazwa watakatifu na Papa Yohane Paulo II tarehe 19 Juni 1988. Sisi tuliozoea kuwashangilia Mashahidi wa Uganda kila tarehe 3 Juni, hawa wa Asia huwa tunawapita haraka. Katika tafakari ya juma hili tunawaalika mfuatane nasi katika safari ya siku moja tuliyoifanya katika nchi yao, kwa barabara itokayo Saigon kuelekea kaskazini-magharibi. Saigon ndio mji ambao tangu mwaka 1976 huitwa rasmi Ho Chi Minh. Hadi Tay Ninh ni mwendo wa kilomita zipatazo 100 tu, lakini katika kilomita hizo historia imelala wazi kando ya njia.

Kabla ya kuondoka, tukumbushane mambo machache. Wafaransa waliitawala Vietnam hadi waliposhindwa vitani huko Dien Bien Phu mwezi Mei 1954. Mkataba wa Geneva wa mwaka huo uliigawa nchi sehemu mbili, na watu mamia ya maelfu, wengi wao Wakatoliki, wakahama kutoka kaskazini kwenda kusini. Majeshi ya Marekani ya kupigana yalianza kushuka pwani mwezi Machi 1965. Tarehe 30 Aprili 1975 Saigon ilianguka na vita vikaisha. Hayo ndiyo tuliyoyasoma vitabuni. Barabara hii ilitufundisha mengine.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa karakana ya ufundi. Hapo hutengenezwa vyombo na picha za mbao zinazopakwa utomvu wa mti, kazi ambayo Wavietnam huiita son mai. Utomvu hupakwa safu moja, huachwa ukauke, husuguliwa kwa msasa na maji hata uwe laini kama kioo, kisha hupakwa tena. Na hivyo hivyo safu juu ya safu, kwa majuma na hata miezi. Weupe wa picha hautokani na rangi. Ni vipande vya maganda ya mayai, vinavyopangwa kimoja kimoja kwa ncha ya kibanio. Mng'ao wa bahari ni magamba ya chaza yaliyokatwa kwa msumeno mwembamba.

Wengi wa mafundi tuliowakuta ni watu wenye ulemavu. Karakana za namna hii zipo kadhaa kando ya barabara hiyo, na sababu yake ni ya kusikitisha. Kati ya mwaka 1962 na 1971 ndege za Marekani zilinyunyizia misitu na mashamba ya Vietnam zaidi ya lita milioni 70 za dawa za kuua mimea, ili adui akose maficho na chakula. Dawa iliyotumiwa zaidi, iliyoitwa Agent Orange, ilikuwa na sumu ya dioksini, ambayo hukaa muda mrefu katika udongo na katika miili ya watu. Wavietnam wengi huhesabu ulemavu wa watoto wao na wajukuu wao kuwa mavuno ya dawa hiyo. Tulimtazama kijana mmoja asiye na vidole kamili akiweka ganda la yai mahali pake bila haraka, tukaona haya kwa jinsi tunavyolalamikia kazi zetu.

Mbele kidogo ni mji mdogo wa Trang Bang, unaosifika kwa mikate myembamba ya mchele. Mchele huloweshwa na kusagwa, uji wake hutandazwa juu ya kitambaa kilichofunikwa kwenye chungu cha maji yanayochemka, na kwa dakika moja mvuke huuivisha. Mkate huanikwa juani juu ya chanja za mianzi, huokwa kidogo kwa moto wa maganda ya karanga, kisha usiku hutolewa nje ili umande uulainishe. Mama wa nyumba hiyo huamka usiku wa manane kuutazama umande, maana ukizidi, kazi yote huharibika.

Lakini dunia inaijua Trang Bang kwa jambo jingine. Tarehe 8 Juni 1972 wanakijiji walikuwa wamejificha katika hekalu la dini ya Cao Dai lililo kando ya barabara kuu. Walipotoka mbio, ndege ya jeshi la Vietnam Kusini, yaani jeshi la upande wao wenyewe, iliwaangushia mabomu ya moto ya napalmu. Picha ya mtoto wa miaka 9, Phan Thi Kim Phuc, akikimbia uchi huku akilia, ilizunguka ulimwengu mzima kupitia shirika la Associated Press. Mwaka 2025 yalizuka mabishano juu ya nani hasa aliyeipiga picha ile. Juu ya maumivu ya mtoto yule hakuna anayebishana. Alikaa hospitalini miezi 14 na kufanyiwa upasuaji mara 17. Mwaka 1982, akiwa amejaa uchungu na chuki, alikutana na Agano Jipya katika maktaba huko Saigon, akawa Mkristo. Mwaka 1996, mbele ya ukuta wa kumbukumbu ya askari wa Marekani huko Washington, alisema kwamba angekutana na rubani aliyeangusha mabomu yale angemwambia kuwa ya jana hatuwezi kuyabadili, ila ya leo na ya kesho tunaweza kuyatendea mema.

Saa sita mchana tulikuwa Tay Ninh, makao makuu ya dini hiyo ya Cao Dai, iliyotangazwa rasmi mwaka 1926. Wafuasi wake huunganisha mafundisho ya Buddha, ya Kitao na ya Confucius, na humheshimu Yesu pia. Uongozi wao una ngazi zenye majina tunayoyajua: papa, makardinali, maaskofu, mapadre. Katika ukumbi wa mbele upo mchoro wa watu watatu wanaowaheshimu kama watakatifu, na mmoja wao ni Victor Hugo, mwandishi wa Ufaransa. Nguzo zimezungukwa na majoka ya rangi, dari ni anga la buluu lenye nyota, na juu ya altare limechorwa jicho moja la kushoto, ishara ya Mungu aonaye yote. Sala hufanyika mara nne kwa siku. Tulivua viatu, tukapanda rosheni, tukatazama mamia ya watu waliovaa kanzu nyeupe wakiinama pamoja kwa sauti ya kengele.

Mwenzetu mmoja alitaka kucheka kwa kumwona Victor Hugo akiwa mtakatifu. Tulimkumbusha tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, ambamo Mtaguso wa Pili wa Vatikano unafundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini nyingine. Imani yetu ni moja na hatuichanganyi. Lakini anayesali hachekwi. Watu hawa nao wameteseka. Kiongozi wao Pham Cong Tac alipelekwa uhamishoni Madagaska na Wafaransa mwaka 1941, akarudishwa mwaka 1946. Miaka kumi baadaye alikimbilia Kambodia, akafia huko mwaka 1959. Nao pia walikuwa na jeshi lao, nao pia walimwaga damu. Hakuna aliyetoka katika vita vile na mikono safi.

Alasiri tulifika Cu Chi. Hapa wanakijiji na wapiganaji walichimba, kwa majembe mafupi na vikapu, njia za chini ya ardhi zenye urefu wa kilomita zipatazo 250. Walianza wakati wa Wafaransa na kuendelea wakati wa Wamarekani. Kulikuwa na vyumba vya kulala, hospitali, karakana za silaha, na majiko ambayo moshi wake ulipitishwa katika mifereji mirefu hata ukatoka mbali, mwembamba kama ukungu wa asubuhi. Tulionyeshwa makatambuga yaliyokatwa kutoka magurudumu ya magari, sawasawa na ya kwetu. Tukaandaliwa chakula cha wapiganaji: muhogo wa kuchemsha na karanga za kusaga. Tuliula kimya. Chakula tulichokulia nyumbani kilikuwa ndicho kilichowaweka hai watu hawa gizani.

Tulitambaa mita chache tu, pumzi zikatubana, tukatoka. Wao waliishi humo, pamoja na malaria, nyoka na mabomu. Mwezi Januari 1967 askari wapatao 30,000 wa Marekani na Vietnam Kusini walilizingira eneo la jirani. Kijiji cha Ben Suc kilibomolewa chote, na wakazi wake pamoja na wa vijiji vya jirani, jumla wapatao 6,000, wakahamishwa.

Hapo Cu Chi lipo hekalu la kumbukumbu lenye majina ya marehemu zaidi ya 44,000 yaliyochongwa ukutani. Tulipokuwa tukiyasoma, milio ya risasi ilisikika: watalii walikuwa wakilipa ili wapige bunduki za vita kwa kujifurahisha. Jambo hilo lilituumiza. Lakini lilituumiza zaidi jambo la pili. Majina yale ni ya upande ulioshinda. Askari wa Vietnam Kusini, waliozaliwa katika vijiji vile vile, hawamo. Mama zao pia walilia. Nani anawataja?

Wapendwa, ndiyo maana Kanisa linaombea marehemu wote bila kuuliza walikuwa upande gani. Katika Misa ya jioni tuliwaombea wote pamoja.

Tunamalizia na fundi mmoja zaidi. Askofu Mkuu Fransisko Ksaveri Nguyen Van Thuan, aliyeteuliwa kuwa Mwandamizi wa Saigon siku chache kabla mji haujaanguka, alikamatwa tarehe 15 Agosti 1975, akafungwa miaka 13, na 9 kati ya hiyo akiwa peke yake. Gerezani alikata kipande cha mti akatengeneza msalaba, akauficha ndani ya sabuni. Baadaye aliomba waya wa umeme, na mlinzi wake, mtu wa upande wa pili, akamletea, akamsaidia kuusokota uwe mnyororo. Msalaba huo aliuvaa hata alipofanywa Kardinali mwaka 2001.

Juma hili, kila mmoja wetu ataje katika sala jina la marehemu mmoja ambaye moyo wake haukutaka kumtaja.

Raha ya milele uwape, ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Wapumzike kwa amani. Amina.